Ibada ya Kuoshana Miguu

Maji ya beseni yalikuwa ya moto kuliko alivyotegemea, na fundi cherehani alijikaza asiuvute mguu mbele ya umati. Aliyepiga magoti mbele yake, akimsugua kisigino, ndiye fundi matofali wa ng'ambo ya mto aliyeichoma nyumba yake miaka sita iliyopita, wakati wa machafuko. Mumewe alikuwa ndani. Sasa kwaya mbili, ya huku na ya ng'ambo, ziliimba wimbo mmoja kwa lugha mbili, na mheshimiwa jukwaani alipiga makofi yasiyofuata mdundo wa yeyote.

Alikuwa amekuja kusamehe. Hilo alishalimaliza na Mungu wake, kwenye darasa bovu alilogawana na familia tatu. Alichotaka ni kiwanja chake tu, alikomzika mumewe, akaweke tena cherehani barazani.

"Jirani," fundi matofali alisema bila kuinua uso. "Nilikukosea. Sina la kujitetea."

"Nilishakusamehe."

"Basi nisikilize. Kiwanja chako sinacho. Nilikaa pale, ndiyo, hadi aibu ikanishinda. Nikaenda kwa askofu, nikamwambia nataka kukurudishia mwenyewe. Akaniombea. Wiki iliyofuata nikakuta pamezungushiwa mabati. Wanajenga hoteli."

"Hoteli ya nani?"

Fundi matofali aligeuza macho kuelekea jukwaani. Askofu na mheshimiwa walikuwa wakichekeana, vichwa vimekaribiana.

Ile sabuni ya marashi, zile hotuba za upendo, vile vitambaa vyeupe vilivyovalishwa hata viti, vyote vilimtia fundi cherehani kinyaa. Alitamani kutema mate, akayameza.

Askofu alishuka na karatasi mbili na kidau cha wino. "Tia dole gumba hapa, mama, tumshukuru Mungu."

"Kusoma najua, baba askofu."

Akasoma, taratibu, huku askofu akitabasamu kwa meno tu. Mstari wa nne ulisema pande zote mbili zimeacha madai yao juu ya kiwanja, kwa ajili ya amani.

"Sisi wawili tumeshapatana," akasema. "Sasa hayo mabati ya nini?"

"Mama, usimpe shetani nafasi."

"Nafasi ameshapata. Anajenga."

Watu wa viti vya nyuma walicheka, wa huku na wa ng'ambo. Fundi matofali alisimama, mikono ikichuruzika, akaichukua karatasi yake na kuizamisha kwenye beseni.

"Mimi pia sitii dole," alisema kwa sauti. "Aliyemchomea nyumba ni mimi, na mbele za Mungu nasema kiwanja ni cha mama huyu."

Mheshimiwa wala hakupaza sauti. Alimwita askari kwa kidole. "Hawa wanahatarisha amani. Watoe."

Pingu ilikuwa moja. Wakafungwa pamoja, mkono wa kulia wa fundi cherehani kwa wa kushoto wa fundi matofali, mwanamke bado pekupeku, vidole vya miguu vimeshika vumbi likawa tope. Askofu akaziashiria kwaya ziongeze sauti, nazo zikaongeza. Mpiga picha alisogea, akawaona wamesimama bega kwa bega, akasita, akamtazama mheshimiwa.

"Piga," mheshimiwa akasema. "Ila usishuke chini ya mabega."