Sauti Kando ya Shuka

Pua ya Mwadini ilikaribia kuigusa kompyuta. Kwenye kioo, mwanamke aliyekufa zamani, kabla hata babu yake Mwadini hajaoa, alikuwa akianika mashuka uani, naye Mwadini alimtazama kwa upande, kichwa kimelala begani kama kuku anayemchungulia mwewe. Hayakuwa madaha. Akimtazama mbele kwa mbele, mwanamke alipotea. Tangu Ramadhani kulikuwa na doa katikati ya dunia, la kijivu, na kila alichotaka kukiona ndicho kilichotumbukia humo.

Basi akahesabu. Kumi na moja, mwanamke anainamia kikapu. Kumi na tisa, upepo unalipiga shuka. Thelathini, anageuka, anacheka. Arobaini na mbili, giza. Filamu zilikuwa sita, hakuna hata moja iliyotimiza dakika, na Mwadini alizihifadhi kama alivyohifadhishwa sura fupifupi chuoni Tanga: kwa mpangilio, moja ikiivuta nyingine, mwalimu akiwa na bakora nyuma yako. Ukihifadhi namna hiyo huhitaji macho. Balaa ni pale mtu anapokukatiza katikati.

Filamu hizo zilikuwa za Enoch Tranter, fundi wa Ladywood, hapahapa Birmingham, aliyekuwa akitengeneza vishikizo vya shaba vya lenzi, mpaka siku moja, karne iliyopita ikibisha hodi, akajiundia kamera ya mbao. Alizungusha mpini kwa mkono huku akiimba wimbo wa kanisani ili asiharakishe. Picha zake hazikuwa na sauti, na watu wa siku hizo walikuwa hawajazoea kuzisoma. Kwa hiyo Tranter alipozionyesha kumbini, kwenye shuka lililoloweshwa maji, alimsimamisha kando mtu mwenye fimbo awaelezee watazamaji wanachokiona. Rukiya, bintiye Mwadini, aliyesoma habari hizo kwenye hifadhi ndogo ya filamu alikoajiriwa kwa muda, aliruka kitini. Mtu mwenye fimbo! Si ndiyo kazi aliyoifanya baba yake ujanani?

Na kweli ndiyo. Miaka sita Mwadini alisimama na kipaza sauti katika banda umiza, kibanda cha sinema za video, la Ngamiani, Tanga, akitafsiri sinema za Kichina na za Kihindi. Kichina hakukijua hata neno. Kihindi alikijua cha kuombea maji. Alisoma nyuso. Mhusika akikunja kipaji, Mwadini alishajua nani kamwibia nani mke, akampa jina la mtaani, watu wakavunjika mbavu kwenye mabenchi. Sheria ilikuwa moja tu: mtafsiri hasemi sijui.

Rukiya alipowaeleza wakubwa zake, wakampa ukumbi, tarehe na tangazo la rangi: Filamu za Tranter kwa Kiswahili, Saltley, Jumamosi saa kumi jioni. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Hakumwambia baba yake kwamba kazi inategemea siku hiyo, lakini watoto wa siku hizi hudhani mzazi haelewi Kiingereza cha simu.

"Baba, you'll smash it," alisema jikoni, akiosha kikombe. Alizaliwa Birmingham, Kiswahili kiliingia kwake kwa masikio na hakikutoka kwa mdomo. "Why so close, though? Utaharibu macho."

"Nanusa," Mwadini akajibu. "Filamu ya zamani lazima uinuse kwanza."

Rukiya akacheka, naye Mwadini akacheka, na moyo wake ukaendelea kudunda kama wa mtu aliyesikia hatua nyuma ya mlango.

Maana jambo lenyewe halikuwa filamu. Mwadini alikuwa dereva wa teksi. Wiki tatu zilizopita daktari wa macho alimwambia asishike usukani mpaka aonwe hospitali, na akampa barua. Barua aliiweka kwenye kidroo cha gari, chini ya kitambaa cha kufutia vioo. Tangu siku hiyo aliendesha mchana tu, na njia alizozijua kwa matako: Saltley hadi Castle Vale, Castle Vale hadi Saltley. Kwake usukani ulikuwa ndio uliobaki wa uanaume wa mtu mzima. Mkewe yuko Tanga mwezi wa tatu sasa, anamuuguza mama yake. Bila gari, angekuwa mzee wa kukaa dirishani, anayengoja kuulizwa kama amekula. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwadini aliijua methali hiyo, alikuwa akiwaambia abiria wake, na hakuona sababu ya kujiambia mwenyewe.

Lakini Jumanne, barabara ya Alum Rock, kwenye kivuko cha pundamilia, mwanamke alichomoka ndani ya doa akisukuma kigari cha mtoto. Mwadini alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama shibiri moja kutoka kwenye kigari. Mwanamke hakupiga kelele. Aliipiga boneti kofi moja la kiganja wazi, paa, akaendelea kuvuka. Kofi hilo lilimfuata Mwadini hadi kitandani. Aliogopa, tena aliogopa sana, na asubuhi yake akachukua funguo akaenda kazini.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja Wasomali waliolelewa Nairobi na Garissa, wakaja Wakongo wa Bukavu na Uvira na watoto wao waliovaa kama wanaokwenda ibadani. Wakubwa wawili wa Rukiya walikaa mstari wa mbele na kalamu zao. Mashine ya kuonyeshea filamu iliendeshwa na Kamlesh, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwamini mtu mwingine kuigusa mikanda.

Dakika kumi kabla ya kuanza, Kamlesh alimjia Mwadini mbiombio.

"Bwana Mwadini, mimi nabadilisha kidogo tu mpango. Mkanda moja kiungo yake imelegea, lazima nagundisha tena. Nimeandika yote hapa. Wewe soma, sawa?"

Akamtia karatasi mkononi. Mwadini aliitazama. Palikuwa na weupe, na katikati ya weupe, doa. Neno moja lilitosha: nisomee. Angeweza hata kusingizia miwani, watu wazima wote husahau miwani. Lakini Rukiya alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, na mwenye siri huona kila swali dogo ni mlango wa polisi.

"Sawa," akasema. "Nimeiona."

Akaikunja, akaitia mfuko wa koti. Alijipa moyo: mpango umebadilika kidogo tu, labda ni zile za mwisho.

Taa zikazimwa. Ya kwanza ilitoka kama alivyoihifadhi: wasichana wa kiwanda cha nibu za kalamu wanatoka langoni. Mwadini alishika kipaza sauti na miaka thelathini ikamdondoka mabegani. "Tazameni watoto wa watu! Huyu wa mbele anaitwa Bi Haraka, amesikia kuna wali wa nazi nyumbani!" Ukumbi ukalipuka. Ya pili, farasi anakokota jahazi la makaa kwenye mfereji. Mwadini alimpa farasi malalamiko ya dereva wa teksi aliyekosa abiria, na hata wale wakubwa wawili, wasioelewa neno, walicheka kwa kuambukizwa. Rukiya, kwenye kiti chake kando ya shuka lililotundikwa mbele kama enzi za Tranter, alikuwa akimtazama baba yake kama anayemwona mara ya kwanza.

Ya tatu ilikuwa ya ukuta. Wanaume wanne wanaupiga nyundo, unaanguka, vumbi. Halafu Tranter, kwa utundu wake, anaurudisha mkanda kinyumenyume na ukuta unasimama. Mwadini alisikia mashine ikianza kuvuma, akahesabu hadi tatu.

"Haya, mafundi hao! Wameahidiwa pilau wakiuangusha kabla ya adhuhuri. Piga nyundo, Mzee Kifua! Ukuta mgumu huo, ulijengwa na mama mkwe!"

Watu wakacheka, lakini walicheka mapema. Mtafsiri hukijua kicheko chake kama mpishi anavyoijua harufu ya kitunguu, na hiki hakikuwa chake. Akaongeza sauti. "Piga! Unayumba! Unayumba huo!"

"Papa Mwadini!" Mama Sabine wa Bukavu alipaza sauti kutoka nyuma, machozi ya kicheko yakimtoka. "Huo ukuta, mbona unapigwa na upepo?"

Ndipo alipojua. Upepo, mashuka, mwanamke. Kamlesh aliuondoa ukuta, na zilizobaki hakujua amezipangaje. Chuoni, ukikatizwa hivi, unarudi mwanzo wa sura. Hapa mwanzo haukuwepo. Mkanda ukaisha, na wanaume walimpigia makofi wakiambiana kwamba mzee yule ni fundi, anamwita mwanamke ukuta makusudi.

Makofi hayo ndiyo yaliyomtisha kuliko yote. Alikuwa ameokoka. Angeweza kuendelea hivyohivyo, aite paka ng'ombe, na kila kosa lingehesabiwa ubingwa. Angetoka pale na sifa, na funguo, na Jumatatu angerudi barabara ya Alum Rock.

Kamlesh aliwasha taa ili abadilishe mkanda. Rukiya hakuwa akicheka. Alisogea, akainama sikioni mwa baba yake.

"That wasn't a joke," alisema. Halafu, "Baba. Mimi nimevaa nini?"

Swali la mtoto mdogo. Alikuwa hapohapo, karibu ya kumgusa. Mwadini aliugeuza uso pembeni kutafuta rangi, akaona bega, akaona kitu kama buluu, na pale palipopaswa kuwa na uso wa binti yake palikuwa na kijivu.

Miaka sita ya Ngamiani na yote iliyofuata, hakuwahi kulitamka.

"Sijui," akasema.

Alisikia pumzi ya Rukiya ikiingia na ikachelewa kutoka. Alingoja aondoke, au alie, au awaambie wakubwa zake kwamba mgeni anaumwa. Taa zikazimika. Mashine ikavuma, mwanga ukamwagika kwenye shuka, na watu wakanyamaza wakimngoja. Naye alisimama na kipaza sauti kifuani, hana hata herufi.

"Mtu," akasikia. Rukiya alikuwa bado sikioni mwake. "Mtu... mnene. Kofia yake inakimbia. Upepo. Anashika... no, hajashika."

Kiswahili chake kilichechemea, matamshi ya Birmingham yakikivuta mguu, lakini kilikuja. Mwadini akainua kipaza sauti.

"Mheshimiwa huyu," aliuambia ukumbi, "kofia yake imemchoka!"

Wakacheka, na safari hii walicheka mahali pake.

"Polisi anakuja. Anaanguka kwa... kwa mkokoteni wa samaki."

"Na serikali nayo imeingia! Loo, serikali imekaa juu ya dagaa!"

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Mtoto na paka asiyetaka maziwa. Mwishowe ukuta, ambao Kamlesh aliuweka nyuma ili gundi ikauke. Rukiya alisema, "Wanapiga. Wanapiga. Umeanguka, Baba. Vumbi kila mahali." Kisha mkanda ukarudi nyuma. "Sasa vumbi linarudi chini. Matofali yanapanda." Mwadini alikuwa ameandaa kichekesho cha hapo, kizuri, alikifanyia kazi siku mbili. Hakukitumia. Alirudia tu maneno ya binti yake, moja baada ya jingine, kama yalivyotoka.

Nje, baada ya mikono na picha na Kamlesh kulalamika kwamba watu hawasomi, walitembea hadi kwenye gari. Mwadini alitoa karatasi ya Kamlesh mfukoni, akampa. Rukiya aliisoma chini ya taa ya barabarani iliyokuwa imeanza kuwaka, akaikunja palepale mikunjo yake ilipokuwa.

"Tangu lini?"

"Ramadhani."

Akapiga hesabu. Mwadini alimsikia akiipiga, kwa namna alivyoacha kupumua.

"You drove Mama to the airport. Mwezi wa nane. Motorway."

"Nilimpeleka."

"Ulinipeleka mimi. Kazini. Every Thursday."

La uongo lilikuwa limemwishia. Akamsimulia juu ya barua, na kitambaa kilichoifunika. Akamsimulia juu ya Jumanne, kigari cha mtoto, kofi kwenye boneti. Sauti yake, iliyojaza ukumbi nusu saa iliyopita, ilikuwa ndogo. Akazitoa funguo. Rukiya hakuzipokea upesi. Alikuwa amekasirika, Mwadini hakuhitaji uso wake kulijua hilo. Halafu uzito wa chuma ukamtoka kiganjani.

Aliuendea mlango wa kushoto akipapasa ubavu wa gari. Hakuwahi kukaa upande ule. Kiti kilikuwa mbali na kila kitu, miguu yake ilitafuta pedali ikakuta zulia. Rukiya alivuta kiti chake mbele, akarekebisha kioo, akafungua kidroo, akaitoa barua, akaiweka mapajani mwake bila kuisoma.

Wakaondoka. Wakaingia barabara ya Alum Rock, kwenye maduka, na Mwadini, bila kujijua, mguu wake wa kulia ukakandamiza zulia.

"Taa nyekundu," Rukiya akasema.

Hakuwa ameulizwa. Gari likasimama taratibu.

"Basi, mbele yetu. Mzee na baiskeli. Muuza maembe anafunga." Alisita, akitafuta neno. "Na mama, Baba. Anavuka. Ana kigari cha mtoto."

Mwadini aligeuza kichwa pembeni, kama kuku, akatafuta.

"Amefika?" aliuliza.

"Bado," Rukiya akasema. "Ngoja."