Moyo wa Mama Mdogo na Mlango wa Profesa

Kwa miaka kumi na mmoja Profesa hakuwa ameshika hata sahani moja ya seli, lakini picha iliyoning'inia ofisini mwake ilimwonyesha kavaa koti jeupe, kainamia hadubini huku amefumba macho yote mawili. Wanafunzi walimwita Mheshimiwa. Yeye, maskini, alidhani ni heshima.

Mmoja wa wanafunzi hao, dada mwembamba mwenye ulimi wa upupu, alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Alichukua damu ya mama yake mdogo, kwa idhini na mihuri yote ya kamati ya maadili, akazirudisha seli zake utotoni hadi zikawa seli shina, zile ziwezazo kukua kuwa kiungo chochote. Kisha akazibembeleza kwa dawa, siku baada ya siku, zigeuke misuli ya moyo. Mama mdogo alikuwa na moyo wa kuruka mapigo, ugonjwa uliokwisha kuwaangusha kaka zake wawili wangali vijana. Mambo yakienda sawa, siku ya tisa hivi seli zingeanza kudunda zenyewe sahanini, na mtafiti angeuona ugonjwa wa ukoo wao kwa macho yake.

Hazikudunda. Mara tano alizipanda, mara tano zikafa kabla ya siku ya nane.

"Una mikono michafu," Profesa alimwambia mbele ya wenzake. "Sayansi si ya kila mtu, binti. Hata kuuza duka ni kazi."

Tangu siku hiyo mtafiti alinawa mpaka ngozi ikambabuka. Nyumbani alimkwepa mama mdogo, maana kila wakikutana aliulizwa, "Vipi, moyo wangu wa pili haujaamka tu?"

Aliyemtoa gizani ni fundi wa mitambo, mtu wa maneno machache. "Hicho kiatamizi," alisema, akionyesha kabati la chuma ambamo seli hutunzwa kwa joto la mwili, "huandika joto lake kila dakika. Umewahi kusoma?"

Hakuwahi. Wakachapa karatasi, wakazifuata kwa kidole. Mstari wa joto ulinyooka vizuri, kisha ghafla shimo: dakika ishirini na tano, saa nne asubuhi. Kila kundi lililokufa lilikuwa na shimo lake. Mtafiti akaenda mapokezi kufungua kitabu cha wageni, na tarehe zikalingana kama mapacha. Wafadhili. Waandishi wa habari. Wafadhili tena. Kila ugeni ulipokuja, Mheshimiwa alikiacha kiatamizi wazi, akasimama hapo akihutubia juu ya tiba ya kesho, na nyuma yake seli zikapigwa baridi kama watoto waliosahauliwa mvuani.

Kikao cha Jumatatu akazitandaza karatasi mezani. "Profesa, kilichoua seli ni mlango."

Profesa alizitazama, akakohoa. "Nani alikuruhusu kupekua kumbukumbu za mashine?"

"Kumbe hilo ndilo swali?"

Kesho yake kufuli jipya liling'aa kwenye kiatamizi. Na ufunguo? Mfukoni mwa Profesa. Fisi kakabidhiwa bucha, tena kwa barua.

Mtafiti hakubishana. Yeye na fundi walikifufua kiatamizi cha zamani kilichokuwa stoo kikiegemezewa maboksi, wakakipima wiki nzima, kundi la sita likapandwa humo. Profesa aliendelea kuwafungulia wageni kabati lake, lenye sahani za chakula cha seli bila seli hata moja. Hakugundua kitu.

Siku ya tisa, seli za ukingoni mwa sahani moja zikatikisika. Mtafiti alishika simu. "Mama, njoo. Usiulize, njoo."

Mama mdogo alifika na mkoba begani, akainamia hadubini. "Moyo unapiga, unapiga... umenyamaza... umepiga. He! Hata huku unachechemea! Kweli ni wangu." Akacheka, akajifuta macho. "Na kaka zangu walikuwa hivi?"

"Nadhani hivi hivi, mama. Sasa tutajaribia dawa hapa, siyo kwako."

Mtafiti alikuwa ndiyo kwanza anairudisha sahani mahali pake Profesa alipoingia na wageni watatu, maana habari haina miguu lakini hukimbia. Akakwapua mlango wa kiatamizi kile cha zamani, akaupanua, akasafisha koo. "Ndugu zangu, haya ni matunda ya mikono yangu..."

"Baba," mama mdogo akamkata kauli, "funga huo mlango. Unaupoza moyo wangu."

"Mama, wewe ni nani?"

"Mwenye damu. Na wewe?"

Wageni wakaangua kicheko, kisha wakamgeukia mtafiti awaeleze. Profesa akaufunga mlango taratibu, kama aliyefumaniwa akifunua chungu cha jirani.

Mtafiti aliandika sura nzima ya tasnifu yake juu ya makundi matano yaliyokufa, pamoja na tarehe na saa. Profesa aliisifu tasnifu, akaapa kaisoma neno kwa neno, akaitia saini yenye mkia mrefu. Siku ya kuitetea, mtahini kutoka nje, ambaye alisoma kweli, alimwelekea yeye kwanza: "Profesa, hebu tueleze huo mlango wa ukurasa wa tisini na moja." Profesa akaomba maji.

Mtafiti alifaulu. Mama mdogo alibadilishiwa dawa, na moyo wake siku hizi huruka mara chache. Profesa naye alipandishwa cheo, akapewa ofisi kubwa isiyo na mashine yoyote, na tangu hapo seli za idara zinaota kama magugu.