Harufu kwenye Sweta

Dobi alimlea mdogo wake wa kike peke yake, na nguo za watu hazikuwa zikimficha kitu. Sweta ya shule ya binti huyo ilipomfikia mkononi ikinuka sigara, aliirudisha puani mara ya pili, akitamani pua imdanganye.

Kwa muda sasa alikuwa akipambana na mambo ya mdogo wake kama anavyopambana na madoa, moja baada ya jingine. Soda alizificha. Simu alimnyang'anya. Asubuhi alimsimamia mpaka anywe chai, naye akanywa amenuna, mkate akauacha. Akiziba tundu hili, panya anatokea kule.

"Na sigara pia?" alimuuliza.

"Ya rafiki yangu. Moshi una adabu gani, dada? Unamwingia yeyote."

Nusura Dobi acheke. Kisha akayaona macho ya mdogo wake, mekundu kwa kukesha.

Mama yao mdogo, aliyefuata shuka zake, alikuwa amekalia ndoo akisikiliza. "Huyu si ndiye Swala wetu? Mbona siku hizi hata akitumwa dukani anarudi anahema?"

"Dada alinitoa kwenye timu," binti alisema. "Eti mpira wa kikapu hautanipa cheti."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo Dobi alipochomwa moyoni. Enzi za timu binti alilala mapema, kwa sababu mazoezi yalikuwa alfajiri. Alikula, kwa sababu njaa ilimuuma. Dobi alidhani anaondoa kitu kimoja tu, vitabu vichukue nafasi. Nafasi ikachukuliwa na simu. Simu ikala usingizi, usingizi ukaondoka na hamu ya chakula, soda ikashika zamu, na nyuma ya vyoo vya shule wakapatikana marafiki wapya.

"Nilitaka ufaulu," alisema, sauti ndogo.

"Najua."

Jioni hiyo alimpeleka uwanjani. Mwalimu wa timu hakuuliza mengi. "Zunguka uwanja mara moja, tuone."

Binti alianza vizuri, kwa maringo hata. Hajafika nusu, akasimama, mikono magotini, akakohoa kikohozi cha mzee.

"Swala, umebeba mzigo gani leo?" wenzake walimtania.

Dobi aliingia uwanjani na kandambili zake. "Nisamehe, mdogo wangu. Haya yote ni mimi."

"Kwani wewe ndiye uliyeniwashia kiberiti?"

"Hapana, lakini..."

"Basi usinililie hapa, watu wananiangalia." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Nipe bega. Nitamalizia kwa kutembea."

Wakaenda polepole, mkono wa binti ukimlemea Dobi shingoni. Mara mbili Dobi alifungua kinywa aombe tena msamaha, na mara mbili akakifunga. Akisema, mdogo wake atalazimika kumjibu, na pumzi alizokuwa nazo zilitosha kutembea tu.