Mtani Aliyeshitakiwa

Sadallah bin Mwinyimvua alikuwa na maradhi ya kutotulia, na maradhi hayo hayana mganga. Akikaa barazani, husimama. Akisimama, hutazama njia ya Dar es Salaam. Akiitazama njia, hukumbuka kitu alichokiacha chumbani, hurudi ndani kukitafuta, na kitu chenyewe asikione. Hakioni kwa sababu Kombo keshakichukua.

Na huyo Kombo mwache tu! Wawili hao walipanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Biubwa, Bagamoyo mjini. Sadallah alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mbata, yaani nazi kavu, kazi yake kupima magunia na kuandika. Kombo alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la nguo. Sabuni alinunua Sadallah, lakini wa kwanza kuikogea ni Kombo. Viatu vya Sadallah vilikwenda harusini Ijumaa bila mwenyewe, vikarudi Jumapili vimejaa mchanga. Alipouliza, Kombo alimjibu kuwa mali ya mtumwa ni mali ya bwana wake, kisha akacheka mpaka Bi Biubwa akagonga ukuta.

Asiyejua mambo ya pwani atasema hao ni maadui. La hasha. Babu yake Kombo alikuwa Mnyamwezi aliyeshuka na msafara, mzigo begani, akaionja nazi, akaapa kuwa harudi tena kwao. Sadallah ni Mzaramo, baba yake analima Mapinga. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na mtani hana tusi. Atakuita mtumwa sokoni, atakuvua kofia mbele ya wakwe, atamkamata kuku wako uani na kumchinja, nawe huna la kufanya ila kungoja zamu yako umfanyie kubwa zaidi. Kununa ni aibu. Na siku ya msiba, ni huyo huyo atakayeingia kwa fujo, afiche majembe ya kuchimbia kaburi, alishike jeneza lisitoke, amseme marehemu kwa uchoyo wake, hata wafiwa wacheke na machozi yangali mashavuni. Msiba bila watani hukaa kifuani kama tonge la ugali mkavu.

Sadallah aliyajua hayo yote. Tena alimpenda Kombo, msidhani hakumpenda. Alipolala na homa wiki mbili, Kombo ndiye aliyempikia uji na kumfulia shuka, huku akiwaambia majirani kuwa anangoja afe arithi viatu. Lakini siku za karibuni Sadallah alikuwa amejiingiza katika usasa. Alisoma gazeti, alichana nywele njia, alitaka kuitwa Bwana Karani. Utani akauona ni mambo ya shamba. Kila Kombo alipofungua kinywa mbele za watu, yeye roho ilimruka.

Basi akaja Bwana Ausi. Huyu alikuwa karani mkuu wa ghala kubwa Dar es Salaam, naye alikuja Bagamoyo kutafuta karani mmoja kijana wa kwenda naye. Kwa Sadallah mlango ulikuwa umefunguka. Aliipiga suruali pasi ya makaa mara mbili, na tangu asubuhi hakukaa kitako asije akaikunja. Alasiri Bwana Ausi alikuwa amekaa na wazee kwenye baraza ya lile duka la nguo akinywa kahawa, na Sadallah amesimama mbele yake akimweleza habari za mizani, jinsi anavyogundua gunia lililotiwa maji ili lizidi uzito. Bwana Ausi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Hapo Kombo akainuka kwenye cherehani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akampima Sadallah shingo, akampima mguu, akampanua mdomo kidogo akachungulia meno, kisha akamgeukia mgeni.

"Bwana Ausi, huyu usimchukue bila idhini yangu. Babu yangu alimpata babu yake kule Miono kwa mkungu mmoja wa ndizi, na mkungu wenyewe ulikuwa umeshaliwa na popo."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Bwana Ausi alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzuni. Mzaramo mwingine yeyote angemrudishia palepale. Angesema babu yako kabeba mizigo hata shingo ikazama mabegani, ndiyo maana ninyi wajukuu mnazaliwa bila shingo. Jibu hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake Sadallah. Alilimeza, mpumbavu yule. Aliyaona machozi ya kicheko machoni mwa Bwana Ausi, akasema moyoni kuwa kazi ameikosa, akaondoka mbio mbio bila kuaga.

Usiku kucha aligeuka kitandani. Asubuhi akafanya jambo ambalo Bagamoyo haijawahi kuliona. Alikwenda kwa Jumbe Mwinyijuma, mkuu wa mtaa, akamshitaki mtani wake kwa matusi.

Jumbe alicheka kwanza, akidhani mashitaka yenyewe ni utani. Alipoona kijana hacheki, akaweka kikombe chini, akawaita wazee wenzake na kumtuma mtu amlete Kombo. Wakakaa mkekani wote. Jumbe alimrai Sadallah ayaache, akamkumbusha kuwa hasira ni hasara. Sadallah akashikilia lake. Mwisho mzee akamuuliza swali moja.

"Mwanangu, Kombo si mtani wako?"

"Mimi sina mtani, mzee," alijibu Sadallah. "Nataka anichukulie kama anavyowachukulia watu baki."

Wazee walitazamana. Mmoja akavuta uradi wake. Kombo alimtazama rafiki yake muda mrefu, kama anayengoja uso ule ufunguke uangue kicheko. Haukufunguka. Basi akavua kofia.

"Naomba radhi, Bwana Sadallah," alisema. "Nimesikia, na wazee wamesikia."

Walipeana mikono, kesi ikaisha. Wakati wa kutoka Jumbe alimvuta Sadallah pembeni, akamwambia kwa upole kuwa mtani hakatwi mmoja. Ukimkataa huyu mbele ya wazee, umewakataa wote wa kwao, nao watakuheshimu. Sadallah alijibu kuwa heshima ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta.

Kombo alihama siku ileile. Hakubeba hata sindano isiyo yake.

Amani ikaingia chumbani. Sabuni ilikaa mwezi mzima. Viatu vilikuwa pale pale vilipoachwa, vimeelekea mlangoni. Na Sadallah, badala ya kutulia, alizidi kuwa kama aliyekalia upupu. Alikula nusu sahani. Alitoka akarudi, akarudi akatoka, Bi Biubwa akamuuliza kama ana mchango wa tumbo. Kisha ikaja barua ya Bwana Ausi: kazi amepata, aanze mwezi ujao. Chini kabisa Bwana Ausi aliandika kwamba amsalimie yule mtani wake, kwani hajacheka vile tangu afiwe na mkewe. Sadallah aliisoma barua mara tatu. Aliona haya, haya ya kweli, ile ya kutaka ardhi ipasuke.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwenye cherehani ya Kombo. Alisimama mbele yake, akajikaza, akamwita mchukuzi asiye na shingo. Kombo alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mteja, akamkaribisha kiti, akamuuliza kama ana kitambaa cha kushona. Sadallah alisema hana. Alikwenda tena wiki iliyofuata, akapewa kiti kile kile na upole ule ule.

Siku nne kabla ya Sadallah kusafiri kwenda Dar es Salaam, baba yake, Mzee Mwinyimvua, alianguka shambani Mapinga na hakuinuka tena.

Watu walijaa uani. Shangazi yake Sadallah, Mwanahija, dada wa marehemu, alikuwa ameyapanga majembe mlangoni kusudi, waziwazi, ili watani wakija wayaibe vizuri. Tena alikuwa amemfunga kuku mguu akamwacha karibu na njia. Maiti ilioshwa, ikakafiniwa, na kila sikio lilielekea barabarani likingoja makelele.

Wakaja. Kombo na wazee watatu wa kwao, kanzu nyeupe, kofia safi, wanatembea taratibu. Waliyapita majembe. Walimpita kuku. Waliamkia wakubwa, wakaketi mkekani na watu wengine, macho chini. Kombo akamfuata Sadallah, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, Bwana Sadallah. Mungu amrehemu mzee."

Sadallah hakumwachia mkono.

"Mseme, Kombo," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa bahili wa nazi, wewe unajua. Alikuwa anazihesabu juu ya mti. Mseme baba, nakuomba."

Macho ya Kombo yalikuwa mekundu. Midomo ilimcheza, na Sadallah akadhani maneno yanakuja.

"Nilitamani," alisema Kombo. "Njia nzima maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nitamtukanaje mzee wa watu, mimi nisiye na haki naye?"

Akautoa mkono wake taratibu, akaenda mlangoni, akaokota jembe moja, akaungana na wanaokwenda kuchimba.

Baadaye jeneza liliinuliwa. Wabebaji walipofika mlangoni walisita kidogo, kwa mazoea, wakingoja mtu alishike na kulizuia. Hakuna aliyelishika. Wakatoka nalo. Mwanahija akasimama katikati ya wanawake, ukaya wa kichwani umemwanguka.

"Kaka yangu anatoka kama maiti ya mgeni," alisema. "Nani amewafukuza watani wake?"

Sadallah alikuwa anapita nyuma ya jeneza. Akasimama.

"Ni mimi, shangazi," alisema.