Kabla ya Sura ya Tisa

Kageha aliambiwa mapema, wala hawezi kusema hakuambiwa. Rafiki yake Jacky, jirani yake hapo Donholm, Nairobi, na mwenye vitabu viwili mtandaoni, alimshauri apeleke riwaya yake kwenye mtandao wa ng'ambo. "Huko hakuna mtu anakujua, na wewe humjui anayekusoma," alisema. "Unaweka jina la kubuni, mambo yanaisha."

Lakini Kageha hakutaka kusomwa na watu asiowajua. Wasomaji aliowataka walikuwa akina mama wa mitaa ya Eastlands, na mtandao wa ng'ambo ulidai kadi ya benki. Nani Kariobangi ananunua riwaya kwa kadi? Basi akachagua mtandao wa hapa hapa, ule wa kulipa kwa simu, pesa zikiingia moja kwa moja kwenye simu ya mwandishi. Kilichomnasa hasa, tuseme ukweli, ni ukurasa wa mwandishi: unaufungua, unaona jina la kila msomaji na sura aliyofikia. Mwandishi gani hatamani kumchungulia msomaji wake?

Kwenye jalada akajiita Mama Tausi. Riwaya ilimhusu mwanamke aliyemtoroka mume mkatili na bintiye mgongoni, na habari zote alizipata kwa dada yake mkubwa, Ayuma, aliyekubali kwa sharti moja tu: asijulikane. Majina yote yakabadilishwa. Kageha akajiona mjanja kweli.

Kitabu kilitoka Jumamosi asubuhi. Na huyu mjanja wetu akafanya lile ambalo watu wa kwao hufanya wakipata msiba au furaha: akakimbilia kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani walioko Nairobi, lile la kuchangia mazishi. "Kitabu cha rafiki yangu huyu, tumsapoti," aliandika.

Simu ikaanza kulia. Nabwire amenunua. Lusweti amenunua. Kageha alicheka peke yake jikoni huku chai ikifurika kwenye jiko. Kisha likaingia jina la Wesonga.

Wesonga ndiye aliyekuwa mume wa Ayuma. Ndiye yule wa kitabuni, mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Aliishi Pumwani, na kwenye kundi lile alikaa kimya mpaka watu wakasahau kwamba yumo. Aliapa mbele ya wazee kwamba siku atakapomwona Ayuma, watamzika.

Ujumbe wake haukukawia. "Shemeji, kumbe Mama Tausi ni wewe? Nimelipa nikaona jina lako. Wacha nisome."

Mama Tausi alikuwa kwenye jalada tu. Ukimtumia mtu pesa kwa simu, jina lake la kitambulisho linatokea, na hilo Kageha alilijua vizuri, maana ndivyo anavyolipia sukuma wiki kila jioni. Halikumjia akilini tu.

Alifungua ukurasa wa mwandishi. Wesonga alikuwa sura ya pili. Akabonyeza kukiondoa kitabu, nao mtandao ukamjibu kwa adabu kwamba kimeondolewa sokoni, na waliokwisha kukinunua wataendelea kukisoma. Akatazama tena. Sura ya nne. Mtu asiyewahi kumaliza hata ukurasa wa michezo gazetini alikuwa akisoma kama ana mtihani kesho.

Balaa lilikuwa sura ya tisa. Majina alibadilisha, lakini mahali alipojificha Ayuma hakubadilisha, kwa kuwa alipapenda mno: kibanda cha chapati chenye mlango wa bluu, mtaani Mukuru kwa Reuben, mkabala na geti la kiwanda cha sabuni, wafanyakazi wakipanga foleni zamu inapoisha. Ndiyo sura aliyoionea fahari kuliko zote. Sasa alijichukia hadi machozi yakamtoka.

Akampigia Ayuma.

"Dada, nimekukosea. Wesonga anasoma kitabu."

"Anasoma aje? Amekitoa wapi?"

Kageha akamweleza yote, maneno yakigongana.

"Amefika wapi?"

"Sura ya saba."

"Na mimi niko ya ngapi?"

"Ya tisa. Kila kitu kiko hapo, dada. Mpaka rangi ya mlango."

Alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Badala yake alimsikia Ayuma akimwambia bintiye avae viatu, kisha maji yakimwagwa motoni.

"Usikate simu. Kaa hapo kwa hiyo page yako, akisonga uniambie."

"Dada, nisamehe."

"Hiyo baadaye. Angalia."

Kageha akaangalia.

"Ameingia ya nane."

Upande wa pili mlango ulifungwa. Mtoto akauliza wanaenda wapi.

"Nitakuambia," Ayuma alimjibu, "nikishakata simu, mama yako mdogo asisikie."