Kosa la Mstari wa Pili

Fomu ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa aproni, na kila alipoinama kukamua dekio, pembe yake ilimchoma tumboni. Ilikuwa Jumatano alasiri, wanafunzi wamekwisha kwenda zao. Chuo cha ualimu kilitaka fomu ifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Itakayochelewa haitasomwa, barua ilisema hivyo bila hata tafadhali. Na hakukuwa na mwakani, maana chuo hakikupokea mtu aliyetimiza miaka thelathini, naye alikuwa na ishirini na tisa na miezi minane.

Mistari miwili ya fomu ilikuwa bado mitupu. Mmoja ulimhusu mwalimu mkuu: je, mwombaji anaweza kusimama mbele ya darasa? Mwingine ulihusu nyumbani: kama mwombaji ana mtoto mdogo, nani atamlea kwa miaka miwili? Chuo kilikuwa cha bweni, na bwenini watoto hawakuruhusiwa.

Alikuwa mfagizi wa shule. Wanafunzi walimwita Mama Ndoo, na jina alilipokea, mradi wanacheka naye na si kumcheka. Kwa miaka mitatu alisoma masomo ya jioni katika vyumba vile vile alivyovifagia mchana, akikalia madawati yanayomfika magotini. Hesabu alifeli mara mbili. Mara ya tatu alipita kwenye tundu la sindano.

Mstari wa mwalimu mkuu ulikuwa na kisa chake. Muhula uliopita mwalimu mmoja aliugua ghafla, na mwalimu mkuu, ambaye alijua habari za masomo yake ya jioni, akamwambia: si unautaka ualimu, basi nishikie darasa la tano nusu saa. Aliingia. Watoto arobaini na watatu wakasimama, wakamwamkia, wakangoja. Neno dogo tu la kuwaambia waketi lilikataa kutoka, basi wakabaki wamesimama, wa mbele wakimtumbulia macho, wa nyuma wakianza kuegemeana kama magunia, hadi mwalimu mkuu aliporudi. Jumatatu ya wiki hii alipompelekea fomu, mzee yule aliisoma, akavua miwani.

"Mimi siandiki uongo, mama. Wanauliza kama unaweza kusimama mbele ya darasa. Siku ile waliosimama ni wao."

Akamwambia arudi Alhamisi wakati wa mapumziko, atakuwa amelifikiria.

Mstari wa nyumbani ulikuwa mchungu zaidi. Mtoto wake, Kifungo, alikuwa na miaka miwili na ushei, na jina hilo alilipata kwa kupenda kulala ameshika kifungo cha gauni la mama yake. Baba yake alikwenda kutafuta kazi mbali, akapiga simu miezi minne, kisha simu ikawa haipatikani. Waliobaki katika chumba chao cha kupanga ni watatu: mtoto, mama yake, na mama mkwe, ambaye alishinda mlangoni akifuma vitambaa vya meza. Alipoulizwa kama atamlea mjukuu, mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Kulea nitalea, ni damu ya mwanangu. Lakini mtoto ni wa anayemwogesha. Ukirudi atakuita shangazi, usije kunililia."

Tangu hapo Mama Ndoo alikuwa akila kama anayetafuna mchanga. Akienda, atakuwa amemwacha mwana aliyekwisha kuachwa na baba. Asipoenda, atakufa na ndoo mkononi, na siku moja mwana huyo huyo atafagia baada yake. Huku moto, huku maji ya shingo.

Kwa kawaida alifagia madarasa ya wadogo. Wiki hii mwenzake wa upande wa wakubwa alikuwa likizo, ndiyo maana Jumatano ile akajikuta ndani ya darasa la tano, lile lile lililomshinda. Ubaoni kulikuwa na hesabu moja, na pembeni, ndani ya kisanduku, neno USIFUTE. Hati ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, mama wa makamo aliyeitwa Bi Rula kwa jinsi alivyonyooka. Shule nzima ilijua kwamba macho ya Bi Rula yalikuwa yanamwacha. Alikuwa akishika daftari karibu na pua kama anayelinusa, na kesho yake alikuwa na miadi kliniki ya macho.

Mama Ndoo alisoma ile hesabu huku anafagia. Robo tatu, gawanya kwa nusu. Hapo ndipo alipofeli yeye mara mbili, na mahali ulipojikwaa unapajua hata gizani. Sehemu ya pili ndiyo hupinduliwa, kisha unazidisha, unapata moja na nusu. Lakini kwenye mstari wa pili wa ubao iliyopinduliwa ilikuwa ya kwanza, na jibu lililokuja chini yake ni theluthi mbili.

Moyo ukamwuma. Masikini Bi Rula, macho yamemwangusha mbele ya watoto, na kesho hayupo hata ajitetee. Watamcheka. Alitazama mlangoni. Kisha akalowesha ncha ya kitambaa, akafuta mstari wa pili na wa tatu, akachukua chaki na kuandika upya, akiiga ile hati iliyonyooka hadi ulimi ukamtoka pembeni ya mdomo. Alipomaliza, hata yeye asingejua mkono upi umeandika wapi. Akatoka na ndoo yake akiwa mwepesi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alhamisi asubuhi alikuwa akipiga deki korido nje ya darasa hilo. Dirisha lilikuwa wazi. Mwalimu mkuu aliingia kushika kipindi cha Bi Rula, akawaketisha, akakohoa.

Aliwaambia kwamba mwalimu wao yuko kliniki, na kwamba amemweleza utaratibu wao: kila Jumatano huwaachia ubaoni hesabu yenye kosa, na Alhamisi wao hulitafuta. Atakayelipata ndiye atakayepiga kengele ya mapumziko. Haya, kosa liko wapi?

Dekio lilimtoka Mama Ndoo mkononi, mpini ukagonga sakafu. Hakuna aliyegeuka.

Ndani, mikono ilikwisha kupanda. Mmoja akasema mwalimu hakupiga mstari chini ya jibu. Mwingine akasema tarehe haipo. Wa tatu alisema sita inafanana na sifuri, darasa likaangua kicheko, na mwalimu mkuu naye akatabasamu. Kisha kwenye dawati la nyuma kabisa mkono mmoja ukapanda polepole, kama unaoomba radhi. Ulikuwa wa binti ambaye wenzake walimwita Kimya, kwa sababu tangu mwaka uanze hakuna aliyesikia sauti yake darasani.

"Mstari wa pili, mwalimu. Amepindua ya kwanza. Ilitakiwa apindue ya pili."

Mwalimu mkuu akageukia ubao, akasoma kwa kidole.

"Iliyopinduliwa hapa ni ya pili, binti. Wewe unasoma ubao gani?"

Darasa likacheka. Mtoto akasema, kwa sauti inayozama, kwamba aliinakili jana kabla ya kwenda nyumbani, akaifanyia kazi jioni nzima. Mwalimu mkuu akaliangalia daftari lake. Hakuwa mtu mkali. Alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kofi, kwamba amenakili vibaya halafu akamsingizia mwalimu wake. Afute, anakili upya kilicho ubaoni.

Kupitia dirishani Mama Ndoo alimwona mtoto akifungua kikopo chake cha kalamu, akatoa kipande cha raba, akaanza kufuta. Alifuta ile hesabu aliyoinakili barabara. Kisha akashuka chini yake, akafuta na masahihisho aliyoyafanya mwenyewe, yaliyokuwa sahihi kila tarakimu. Alifuta kwa bidii, kichwa kimeinama, akipuliza vumbi.

Mfagizi aliyemtangulia Mama Ndoo alifuta maelekezo ya mtihani yaliyoandikiwa USIFUTE. Hata saa sita haikufika, akawa amekabidhi funguo. Kila aliyeshika ufagio shuleni hapo alikijua kisa hicho. Bado saa moja na nusu tu mapumziko yafike, na kalamu iliyotakiwa kuandika kwenye fomu ilikuwa mfukoni mwa mtu yule yule aliyekuwa mle ndani.

Angeweza kunyamaza. Aliliwaza hilo waziwazi, wala hakujificha. Mzee atie saini kwanza, halafu Jumatatu yeye amweleze Bi Rula kando. Watoto husahau. Kifungo huanguka, akalia, akasahau kabla machozi hayajakauka. Lakini alikumbuka mtihani wake wa pili wa hesabu, ule aliofeli. Alikuwa ameandika jibu sahihi, akachungulia kwa jirani, akaona lake halifanani, akalifuta. Hilo hakulisahau, na wakati ule alikuwa mtu mzima mwenye mimba ya miezi sita.

Miguu ndiyo iliyoamua. Alijikuta mlangoni, aproni imelowa, mikono inanuka sabuni ya sakafu. Kwa mazoea ya kuona mtu mzima anaingia, watoto arobaini na watatu wakasimama.

"Ketini," alisema.

Neno lilitoka. Lilitoka limekwaruza, lakini wakaketi, wote, kwa kishindo cha madawati. Mwalimu mkuu alifungua kinywa. Mama Ndoo hakumtazama, maana angemtazama angerudi nje.

"Kimya, weka raba chini. Ulinakili sawasawa. Jana hesabu ilikuwa vile ulivyoandika. Mimi ndiye niliyeibadilisha."

Akaokota chaki. Alifuta mstari wa pili na wa tatu kwa kiganja, akarudisha kosa la Bi Rula kama lilivyokuwa, robo tatu imepinduliwa, theluthi mbili chini yake. Aliwaambia kwamba alidhani mwalimu wao amekosea, akataka kumsitiri. Hakujua kwamba lile kosa ni kazi yao. Kisha akanyoosha mkono wenye chaki kuelekea dawati la nyuma.

"Njoo ulirekebishe wewe. Mimi sitakusaidia."

Mtoto alikuja. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu sana. Mama Ndoo alilijua jibu, lilikuwa linamwasha ulimini, akauma midomo akangoja. Kwenye tarakimu ya kwanza mkono wa mtoto ulisita, na Mama Ndoo aliyekuwa karibu akaukunja wake ngumi ndani ya mfuko wa aproni, juu ya fomu. Hatimaye ikaandikwa: moja na nusu. Kimya hakutabasamu. Alirudi kukaa, akaanza kuandika upya yale aliyoyafuta. Mama Ndoo akaokota ndoo yake akatoka.

Wakati wa mapumziko kengele ililia vibaya, kwa mkono usioizoea, kupita kiasi. Mama Ndoo alikwenda ofisini akiwa na funguo za stoo mkononi, tayari kukabidhi. Mwalimu mkuu alikuwa na karatasi moja mezani imekwisha kuandikwa. Akaipokea fomu, akaandika, akamsogezea zote mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya onyo, kali, ya kutunzwa kwenye faili lake.

"Hiyo ni ya kufuta," alisema. "Na hii ni ya kusimama."

Kwenye fomu, chini ya swali, alikuwa ameandika: Ndiyo. Nimeona mwenyewe.

Mama Ndoo alimshukuru. Hakufurahi. Nje aliegemea ukuta, kwa sababu sasa alijua kitu ambacho hata usiku alikuwa hathubutu kukiangalia: alikuwa akiomba mzee yule akatae. Angekataa, angerudi kwa mwanawe na lawama angemwachia mzee mwenyewe. Sasa mlango ulikuwa wazi na hakuna wa kumlaumu.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Kifungo alikuwa amekwisha kuogeshwa na bibi yake, amepakwa mafuta, anang'aa kama kijiko. Mama yake alimtazama, akachota maji, akamwogesha tena. Alimwosha kila kidole.

"Utamchubua," mama mkwe alisema kutoka mlangoni.

Mtoto alicheka, akampiga maji usoni, ikawa afadhali, uso ukapata sababu ya kulowa. Baadaye alimlalia kifuani, akatafuta kifungo, akakikosa kwa sababu ya aproni, akashika kidole gumba cha mkono wa kulia, akasinzia.

Alimsimulia mama mkwe yote, kwa sauti ya chini, barua ya onyo kwanza. Mwanamke yule alifuma safu nzima. Kisha akachomeka sindano kwenye kitambaa.

"Mwezi ukiisha kuna siku za kuja nyumbani?"

"Zipo. Siku mbili."

"Usikose hata moja. Na siku hizo mbili mimi sishiki sabuni." Akaisogeza fomu kwa kidole. "Andika, jina langu unalijua."

Alijaribu kuuchomoa mkono wa kulia. Vidole vya mtoto vikakaza. Alijaribu tena, taratibu, na Kifungo akaguna usingizini, akakunja uso kama anayetaka kulia.

Basi akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Kwenye mstari wa mlezi aliandika jina la mama mkwe, herufi moja baada ya nyingine, kubwa na zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, na machozi yalipomdondoka aliyazuia kwa bega yasifike kwenye wino.