Amplifaya ya Papa Modeste

Jumamosi ya tarehe 12 Juni 2010, saa nne asubuhi, Tharcisse alikuwa amelala kifudifudi ndani ya buti ya Mercedes ya kijivu, anakwangua rangi kwa msasa. Waya wa ardhi wa amplifaya haupatani na rangi. Unataka bati tupu. Fundi mvivu huufunga kwenye bolti yoyote anayoiona, na baada ya wiki mteja anarudi kulalamika kwamba spika zinapiga mluzi kila akikanyaga mafuta. Tharcisse, mtu wa Bukavu, hakuwa mvivu. Gereji yake ya Berchem-Sainte-Agathe ilikuwa na nafasi ya gari moja tu, na Wakongo wa Brussels walisubiri zamu bila kunung'unika.

Waya mwekundu wa betri alishaupitisha upande wa kushoto, fyuzi yake ikiwa karibu kabisa na betri. Nyaya za sauti alizipitisha upande wa kulia, mbali na ule mwekundu, zisichukue kelele zake. Kilichobaki ni kichujio, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachozuia maneno.

Maana magari hushika maneno. Yanayosemwa ndani madirisha yakiwa yamefungwa huingia kwenye viti, kama harufu ya samaki kwenye koti, na redio ya kiwandani haina nguvu ya kuyatoa. Amplifaya ya wati mia sita inayo. Wateja walilijua hilo, na wengi waliagiza kichujio kabla hata ya kuchagua spika. Papa Modeste, mwenye Mercedes, hakuagiza.

Tharcisse alipounganisha waya mwembamba wa buluu, ule unaoiamsha amplifaya, taa ndogo iliwaka na sauti ya Papa Modeste ikatoka kwenye spika zote nne, nzito na safi.

"Barua ya commune iko mu coffre, chini ya roue ya secours, pamoja na passeport yake. Trente juin ikipita, dossier inafungwa. Alors, wacha ipite. Kahambu akipata carte ya séjour ataenda zake, na bajumeaux nani atabachunga? Weye?"

"Miye niko na kazi," ikajibu sauti ya Maman Antoinette, mke wake.

Kisha spika zikatoka jasho. Lilikuwa la njano, zito, lenye harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyolala, likatiririka mlangoni mpaka kwenye zulia. Tharcisse alilifuta kwa kitambaa cha oili, akanawa mikono mara mbili.

Aliinua tairi la akiba. Bahasha ya ofisi ya komini ilikuwepo, na jina la Kahambu juu yake: akifika na pasipoti kabla tarehe 30 Juni haijapita, angepewa kibali cha kuishi Ubelgiji. Kila mtu kwenye parokia ya Wakongo alimjua Kahambu: mtoto wa marehemu dada yake Modeste, aliyeletwa kutoka Butembo akiwa na miaka kumi na minne ili aje kusoma. Sasa alikuwa na ishirini na mitatu, na shule za Brussels alizijua kwenye geti tu, akipeleka na kuchukua watoto wa mjomba wake, na sasa alilea na mapacha wake wadogo. Huyo mjomba ndiye aliyeitwa na parokia kuwashauri vijana wanaotaka kuoana.

Mfuko wa ovaroli ungetosha kuificha ile bahasha. Lakini kwao karatasi ya mtoto hupitia mkononi mwa mjomba, na anayempelekea binti kwa mlango wa nyuma anaambiwa ameingilia nyumba ya watu. Tharcisse alifikiri, akapata njia aliyoiona nzuri. Wiki iliyofuata Tatiana, binti mkubwa wa Modeste, alikuwa anaolewa, na Mercedes ndiyo ingeongoza msafara, madirisha wazi. Alirudisha bahasha mahali pake na hakufunga kichujio. Gari liseme lenyewe. Alijiona mjanja, ukweli ni kwamba aliogopa, na mtu anayeogopa hupenda kusemewa.

Arusi ilikuwa tarehe 19. Kutoka kanisani msafara ulipiga honi mpaka uwanja wa Flagey, watu wapige picha kando ya mabwawa. Papa Modeste alifungua milango yote minne akaongeza sauti. Rumba ya kwanza ilipokuwa inaishia, waimbaji wamemaliza na ngoma ya chini ikiendelea, gari likasema: barua, pasipoti, tairi la akiba, trente juin, wacha ipite. Lilisema yote, na lile jibu la Maman Antoinette pia.

Watu walikuwa kama mia moja hivi. Hakuna aliyeshtuka. Akina mama waliendelea kupunga vitambaa, maana ngoma ya chini ilikuwa haijakatika na maneno yalikaa vizuri juu yake. Mafuta ya njano yalipoanza kudondoka, Maman Berthe wa kwaya alipiga magoti akayapangusa kwa karatasi, gauni la bibi arusi lisipate doa.

"Basse ni ya muzuri," alisema baba mkubwa wa bwana arusi. "Nani alikufungia?"

Kahambu alikuwa amesimama kando ya gari, pacha mmoja kiunoni, begi la nepi begani. Alimkabidhi Maman Berthe mtoto, akaenda kwenye buti, akavuta. Ilikuwa imefungwa. Aliipiga kwa kiganja mara mbili. Maman Antoinette akamshika mkono, akamnong'oneza huku anamtabasamia mpiga picha.

"Usituharibie fête, maman. Leo ni siku ya dada yako. Ya kwako tutaisema ku nyumba."

Nyumbani ilisemwa kweli. Jumapili wakubwa wa ukoo walikaa sebuleni, wakala mabaki ya mbuzi, wakakubaliana kwamba Modeste alikosea kidogo: mambo ya familia hayazungumzwi garini. Kosa la Kahambu lilikuwa kubwa zaidi. Katika picha kumi na moja alikuwa amenuna. Alipiga magoti akaomba msamaha, na Tatiana akamsamehe. Tharcisse alipohadithiwa hayo alitema mate sakafuni mwa gereji yake mwenyewe.

Tarehe 29 Modeste alirudi na gari. Kahambu alikuwa kiti cha nyuma, katikati ya mapacha.

"Bon, Tharcisse. Ile sauti yangu inafunika basse," alisema Modeste. "Kesho tuko na fête ya cinquante ans ya indépendance, na miye njo niko natoa muziki. Niwekee filtre." Akaacha ufunguo, akaenda kununua mkate.

Tharcisse alifungua buti na kuinua tairi. Kahambu aligeuka, kidevu juu ya kiti.

"Tonton, kesho njo mwisho. Unipatie tu. Sitasema ni weye."

Bahasha ilikuwa mkononi mwa Tharcisse. Ilikuwa imepata unyevu kidogo pembeni.

"Nitaongea na papa yako kwanza."

"Utamuambia nini yenye hajue?"

Tharcisse aliigeuza ile bahasha. Alimtazama yule binti, kisha akatazama vidole vyake vyenye oili, na akajichukia kuliko alivyomchukia Modeste.

"Miye ni muntu ya mawaya tu, mwanangu," alisema. Alirudisha bahasha, juu yake tairi, juu ya tairi ubao, na kwenye ubao akafunga kichujio kwa skrubu nne. Modeste aliporudi, mkate kwapani, Tharcisse alimwambia kazi imekwisha.

Kesho yake sherehe ya miaka hamsini ya uhuru wa Kongo ilifanyika uwanjani, nyuma ya ukumbi wa parokia, bendera kila pembe, mishikaki ikifuka moshi. Tharcisse alisimama na sahani yake akisikiliza Mercedes. Hakukuwa na mluzi, wala neno, wala tone la jasho. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, naye akairudisha sahani mezani na nyama yake yote. Wanaume wanne walimjia wakitaka amplifaya zao zifungwe vilevile. Aliwapa zamu.

Saa kumi alasiri, ofisi ya komini ikiwa imeshafungwa, msemaji wa siku alishika kipaza sauti akaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya waliokufa ili nchi iwe huru. Papa Modeste alizima muziki, akavua kofia. Watu wote waliinamisha vichwa. Katika kimya hicho pacha mmoja aliita kutoka kwenye majani:

"Kahambu, mayi!"

Naye akamletea maji.